AC30 si Daraja A

Wapiga gitaa wamerithishana usemi kwamba Vox AC30, amplifaya ya Uingereza anayoipenda Brian May wa Queen, ina utamu wake kwa kuwa inafanya kazi kwa daraja A (class A), yaani moja ya namna za kuendesha valvu, zile taa za kioo zinazokuza sauti. Hata matangazo yamelisema hilo. Hesabu inakataa.

Katika daraja A, umeme hupita ndani ya kila valvu muda wote, wimbi likipanda au likishuka. Katika daraja AB, valvu hufanya kazi kwa jozi, na sauti ikiwa kubwa kila moja hupumzika kidogo huku mwenzake akibeba mzigo.

AC30 ina valvu nne za EL84. Kila moja imeruhusiwa kupoteza wati 12 za joto kwenye anodi, bamba la ndani linalopokea umeme. Nne ni wati 48. Daraja A, hata likiwa kamilifu, hutoa nusu tu: wati 24. Amplifaya hii hutoa 30 na zaidi. Basi ukiipandisha sauti, iko AB.

Kilichochanganya watu, nadhani, ni rezista ya kathodi (kizuizi cha umeme kwenye upande wa valvu unaotoa elektroni) inayozipangia valvu mkondo wake. Huo ni mpangilio tu, haubadilishi daraja.

Na uhai wa valvu? AC30 huzichosha kweli, ila si kwa sababu ya herufi A. Zinawekwa karibu na kikomo cha joto hata gitaa likiwa kimya, kwa hiyo kuiacha ikiwaka bila kupiga hakuzipumzishi.