Mwili mdogo si lazima uwe na maisha mafupi

Wengi huamini kuwa umri hufuata ukubwa wa mwili: tembo huishi miongo kadhaa, panya hufa upesi. Mara nyingi ni kweli, lakini si sheria. Fuko asiye na manyoya, mchimba mahandaki wa ardhi kavu za Kenya, Ethiopia na Somalia, ana uzito wa gramu 35 hivi. Panya wa nyumbani, hata akitunzwa vizuri, huishi miaka 2 au 3; fuko huyu amevuka 30 maabarani. La kustaajabisha zaidi, utafiti wa mwaka 2018 ulionyesha kuwa hatari yake ya kufa haipandi kadiri umri unavyosonga, kama ipandavyo kwetu. Hufa, bila shaka: porini nyoka humla. Hata saratani, inayodaiwa kuwa haimpati kabisa, humpata, ila kwa nadra sana.