Acheni kunisifia macho

Safari ya mwezi uliopita ya kuwaongoza wapiga mbizi, mbizi ya tatu, mgeni wetu mmoja, daktari kutoka Dar es Salaam na mtu mwema kabisa, alitoa regyuleta, kile kifaa cha kupumulia, kinywani kabla hata hajashika ngazi ya boti. "Mwalimu, wewe una macho ya kipanga!"

Nimeshayasikia haya mara nyingi mno, leo nayajibu kwa maandishi. Maski yangu ina lenzi za kusomea zilizogundishwa kwa ndani, namba mbili na nusu. Bila hizo siwezi kusoma presha ya mtungi wangu mwenyewe, seuze kumwona koa bahari, konokono asiye na gome, wa sentimita moja na nusu aliyejibanza chini ya mwamba. Koa namkuta kwa sababu najua anakula nini. Basi. Hakuna kipanga hapa.

Nawatazama wageni wanavyoshuka. Wanapiga mapezi kama wana ahadi mahali, tochi inaruka huku na huko, wanatafuta rangi. Rangi! Kwanza, bila tochi wekundu unakufa katika mita chache za mwanzo, kila kitu kinakuwa kijivujivu. Pili, koa wa rangi kali mara nyingi amekaa juu ya kitu cha rangi kali kama yeye.

Karibu kila koa ni mteuzi wa chakula kuliko mtoto wa mjini. Jorunna funebris, yule mweupe mwenye pete nyeusi, anapenda sifongo ya buluu. Nikiiona sifongo hiyo nasimama, hata kama juu yake hakuna kitu, kwa sababu nimeshaiona meza na mlaji hawezi kuwa mbali. Mwendo wenyewe ni huu. Natazama kama kuna sehemu iliyolika, halafu nageuza kichwa nitazame upande wa kivuli. Phestilla melanobrachia ndiye anayenifurahisha zaidi. Yeye hula Tubastraea, yale matumbawe yanayofunguka usiku kama alizeti kwenye dari za mapango, na hujipaka rangi ya alichokula: akila la machungwa huwa wa machungwa, akila jeusi huwa mweusi. Sasa niambie, macho ya kipanga yatamsaidia nini mtu mbele ya mnyama aliyevaa sahani yake? Unatafuta tumbawe lililobaki mifupa mitupu katikati ya wenzake wazima, basi unaganda hapo. Koa wengine nao hivyo hivyo: Nembrotha hula askidia, vile vifuko vya baharini vinavyochuja maji, Tambja hula brayozoa, vinyama vidogo vinavyoishi kwa makundi, Pteraeolidia hula haidroidi. Na kama hujui haidroidi ni nini, shika mmoja bila glavu utajua.

Halafu mayai. Utepe wa mayai umezungushwa kama zulubia, na hauna mahali pa kukimbilia. Wa Hexabranchus, yule mkubwa mwekundu anayeogelea usiku kama kanga iliyochukuliwa na maji, unafanana na ua la waridi. Ukiyakuta mayai usipige picha ukaondoka. Tazama ndani ya mikunjo: huenda yumo Favorinus, koa mwingine mdogo, anakula watoto wa mwenzake taratibu.

Mpishi wetu, kijana wa Wete, huniuliza kila safari, "Ami, kilo mwauza ngapi?" Anadhani nahangaika na jongoo bahari. Huyo namsamehe, jongoo wana soko na kwao wanafugwa. Nilimweleza mara moja tu: jongoo ni jamaa ya nyota bahari, koa ni wa ukoo wa konokono, alizaliwa na gome akalitupa. Akaniambia kisicho na bei hakiliwi.

Nisiowasamehe ni wapiga mbizi wenye miaka kumi kazini wanaoniitia mnyoo bapa. Nimeitwa kwa kugongewa mtungi, nimeogelea mita ishirini dhidi ya mkondo, nimefika, mnyoo! Mnyoo bapa ni mwembamba kama ganda la kitunguu, kingo zake zinapepea, anateleza juu ya mwamba kama mafuta. Vile vipembe vyake ni ukingo wa mbele uliokunjwa tu. Koa ana unene, ana mguu, na pembe zake mbili ni viungo kamili vya kunusia maji, wengi wakiguswa huzirudisha ndani. Tazama mgongoni pia: kuna shada la matamvua ya kupumulia au kuna vidole vidole? Ukikuta kimojawapo, mara nyingi ni koa. Usipokuta, hapo ndipo pagumu, maana Phyllidia matamvua yake ameyaficha chini ya upindo wa mwili, na kuna minyoo inayomwiga yeye hasa kwa sababu samaki wanamjua kwa sumu. Mimi mwenyewe niliwahi kuwaonyesha wageni sita "Phyllidia" kwa ufahari wote. Usiku, picha zilipokuzwa, ilikuwa mnyoo. Sikusema kitu mpaka chai ya asubuhi.

Boti ya kulala ina faida ambayo matangazo hayaitaji: unaweza kurudi. Ukuta ule ule asubuhi, ukuta ule ule usiku, sifongo ile ile. Lakini wapo wenye boti wanaopanga safari kwa ratiba ya ndege badala ya mwezi wa angani. Tunafika Pemba wiki ya bamvua, maji yanapojaa na kupwa kwa nguvu, mlango wa bahari wa Fundo unakimbia kama mto, tunapeperushwa mbele ya meza zote nilizozitaja, halafu naulizwa mbona leo macho hayafanyi kazi. Koa anataka maji mafu, mkondo ukiwa mdogo.

Lipo jambo linalonikera kwangu mwenyewe. Nikitafuta chakula ninachokijua, nitampata koa ninayemjua. Wale ambao sijui wanakula nini huenda nawapita kila siku na lenzi zangu. Na majina nayo! Mwaka 2012 utafiti wa vinasaba uliivunjavunja familia ya Chromodorididae, Chromodoris kadhaa nilizokariri kwa jasho zikageuka Goniobranchus. Sir Charles Eliot, aliyekuwa kamishna wa Uingereza Afrika Mashariki, aliwaandika koa wengi wa pwani hii. Halgerda wasinensis, aliyebeba jina la kisiwa cha Wasini, ni wake, mwaka 1904, mwaka ule ule aliojiuzulu. Ila koa akitiwa kwenye spiriti ili ahifadhiwe rangi humtoka, na sisi leo tunabishana kwa picha za rangi. Kwa hiyo mgeni akiniuliza jina, wakati mwingine namwambia jenasi tu, yaani jina la kwanza, kisha najifanya nafunga jaketi la mbizi.

Mbizi ya mwisho, kisiwa cha Misali, daktari alinigusa bega. Sifongo ya buluu, imelika pembeni, na juu yake utepe mweupe mbichi kabisa. Nilimpa mkono chini ya maji. Tukatafuta dakika ishirini, juu, chini, nyuma, kila ufa, mpaka presha ya mtungi wake ikafika hamsini, kiwango cha kurudi juu. Hatukumwona.

Juu, akiwa bado anaelea, akatoa regyuleta. "Dah, mwalimu. Bahati mbaya."

Nikavua maski, nikafuta lenzi, nikapanda ngazi.