Wema kwa mbali: dhana potofu na ukweli

Ugonjwa unaosambaa kwa hewa ukizuka, amri ya kwanza huwa ni ile ile: msikaribiane. Shirika la Afya Duniani lilipotangaza UVIKO-19 kuwa janga la dunia Machi 11, 2020, ushauri wake ulikuwa kukaa angalau mita 1 mbali na mwenzako. Nchi nyingine zikapanga mita 2. Salamu za mikono zikaachwa, na watu wengi wakaona kusaidiana nako kusubiri. Kumbe kusaidiana kwa mbali kunawezekana na gharama yake ni ndogo mno. Kinachokuangusha ni mambo madogo ambayo hukuyapanga.

Dhana: Mkono mtupu haulambwi, asiye na fedha hana cha kutoa.

Aliyejifungia ndani mara nyingi vitu anavyo. Anachokosa ni mtu wa kuzungumza naye. Mwaka 2020 huko Texas, Marekani, watafiti waliwagawa watu wazima 240 mafungu mawili. Fungu moja lilipigiwa simu kwa wiki 4, jingine halikupigiwa. Wapigaji walikuwa vijana wa miaka 17 hadi 23, wala si wataalamu wa afya; walifundishwa tu kusikiliza na kumfuata mzungumzaji anakotaka kwenda. Siku 5 za kwanza walipiga kila siku, baadaye mpigiwa akachagua mwenyewe apigiwe mara ngapi kwa wiki. Waliopigiwa walipungukiwa na upweke, na hata wasiwasi na huzuni, kuliko wale wasiopigiwa.

Ukitaka kufanya hivyo, muulize kwanza saa inayomfaa, kisha ushike saa hiyo hiyo kila mara. Dakika 10 zinatosha. Anza na jambo alilokuambia mara iliyopita (mguu unaendeleaje, yule mjukuu amepona?), halafu nyamaza umsikilize. Usigeuke mwalimu wa afya, wala usimsomee idadi ya wagonjwa wa leo. Hizo amezisikia redioni tangu asubuhi. Kabla ya kukata, taja siku utakayopiga tena.

Kosa kubwa hapa ni pupa. Mtu anapiga kila siku wiki ya kwanza, wiki ya pili anapiga mara moja, kisha kimya. Aliyezoea kuisubiri simu hiyo anabaki mpweke kuliko alivyokuwa mwanzo. Mara 2 kwa wiki bila kukosa ni bora kuliko mara 7 zinazokatika.

Dhana: "Ukihitaji chochote niambie" ni msaada tosha.

Ni maneno mazuri, lakini yanamtwisha mgonjwa kazi tatu: afikirie anachohitaji, akisie wewe unaweza nini, kisha ajikaze kuomba. Wengi huishia kusema "asante, niko salama." Sema jambo lenye mwisho: "Kesho saa nne asubuhi natoka kununua mahitaji. Nitumie orodha ya vitu unavyotaka, visizidi 5, kabla ya saa tatu." Hapo anajibu tu.

Kwa majirani msiojuana, kadi inafanya kazi vizuri. Machi 2020 kadi ya namna hii ilienea sana Uingereza: jina la anayejitolea, namba yake ya simu, na orodha fupi ya kuwekea alama, yaani kununua mahitaji, kupeleka barua posta, kupiga simu ya maongezi, au vitu vya dharura. Karatasi moja ya A4 inatoa kadi 4. Andika kwa herufi kubwa zinazosomeka bila miwani. Taja nyumba unayokaa, saa unazopatikana, na usiyoyaweza, kama vile kubeba mitungi au kusafiri mbali. Ukiacha kutaja saa, utapigiwa usiku wa manane na utachoka kabla ya wiki kuisha.

Ipitishe chini ya mlango, usiibandike nje. Karatasi mlangoni inayoonyesha kuwa ndani yumo mgonjwa peke yake ni tangazo kwa mwizi.

Dhana: Kumpelekea mtu vitu mlangoni ni kumpelekea ugonjwa.

Hofu hii ina asili yake. Mwanzoni mwa 2020, majaribio ya maabara yalionyesha kwamba kirusi cha UVIKO-19 kinaweza kuonekana kikiwa hai kwenye kadibodi hadi saa 24 na kwenye plastiki hadi saa 72. Watu wakaanza kusugua kila kifurushi. Baadaye ikafahamika kwamba njia kuu ni hewa tunayovuta, na Aprili 2021 Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani kilieleza kuwa hatari ya kuambukizwa kwa kugusa mahali penye kirusi kwa kawaida ni chini ya 1 kwa 10,000 kwa kila mguso. Mfuko wenyewe hauna neno kubwa. Hatari iko kwenye yale maongezi ya robo saa katika ukumbi mwembamba usio na dirisha.

Basi fanya hivi. Osha mikono kwa sabuni sekunde 20 kabla ya kuanza kufungasha. Weka mzigo juu ya kiti au kigoda. Mwenye maumivu ya mgongo hawezi kuinama hadi sakafuni, na ataona haya kusema. Gawa uzito katika mifuko 2 midogo. Bisha hodi, rudi nyuma mita 2 au zaidi, subiri umwone akiuchukua, kisha ondokeni mkaongee kwa simu. Naye anawe mikono baada ya kupanga vitu. Usinyunyizie chakula dawa ya klorini: hiyo ni sumu, na matunda yanatosheka na maji safi yanayotiririka.

Chakula kilichopikwa kisikae nje ya baridi au moto zaidi ya saa 2, kwa hiyo mjulishe kabla hujatoka nyumbani. Juu ya chombo andika kilichomo, maana wapo wanaodhurika na karanga, maziwa au mayai. Tumia chombo usichokihitaji haraka, ili asijione ana deni la kukirudisha.

Dawa zinataka uangalifu zaidi ya chakula. Mwombe akutumie picha ya pakiti ya zamani ikionyesha jina na nguvu ya dawa kwa miligramu. Vidonge vya 5 na vya 10 vinaweza kufanana kabisa kwa sura. Piga simu duka la dawa uulize kama wanakubali mtu mwingine achukue, na aje na karatasi gani. Wakikwambia ile haipo, usichague mbadala wewe: mpigie yeye, au mfamasia azungumze naye.

Halafu fedha. Kubalianeni kiwango cha juu kabla ya kutoka, na kitu gani kichukuliwe endapo kile alichotaka hakipo. Tuma picha ya risiti siku hiyo hiyo. Kadi ya benki na namba ya siri ya mtu usizipokee hata akikusihi. Siku hesabu ikimgomea, wewe ndiye utakayekuwa mshukiwa wa kwanza, na matapeli nao huja na maneno haya haya ya kusaidia.

Dhana: Amenyamaza, kwa hiyo hataki kusumbuliwa.

Utafiti uliochapishwa Marekani 2022 ulikuta kinyume chake: watu hukadiria chini ya ukweli kiasi ambacho mwenzao atafurahia kutafutwa, na furaha hiyo huwa kubwa zaidi pale asipotarajia. Ukiogopa kumchosha, tuma ujumbe usiodai jibu: "Nimekukumbuka leo. Usihangaike kujibu." Ni kweli, wapo wanaotaka kuachwa. Hao watakwambia.

Dhana: Bila simu ya video, maongezi hayana maana.

Sauti ndiyo inayofanya kazi. Majaribio yaliyochapishwa 2021 yaliyolinganisha njia za mawasiliano yalionyesha kwamba walioongea kwa sauti walijisikia karibu zaidi kuliko walioandikiana, na kuonana kwa picha hakukuongeza cha maana juu ya sauti. Video inakula bando na kukatika katikati ya sentensi. Simu ya kawaida, au ujumbe wa sauti wa dakika 1, inatosha.

Isipokuwa kwa watoto wadogo na kwa viziwi. Anayesoma midomo anafungiwa mlango na barakoa yako, na kupaza sauti hakumsaidii. Simameni nje, mbali ya kutosha, mwanga ukupige usoni na si mgongoni, au andika kwa herufi kubwa kwenye simu yako na umwonyeshe.

Dhana: Kusambaza kila onyo ni kuwajali watu.

Kama hujui nani kaliandika na lini, usilitume. Hasa linalotaja dawa na vipimo vyake.

Dhana: Lazima nijiunge na mpango mkubwa ndipo nifae.

Machi 2020 huduma ya afya ya Uingereza iliomba watu 250,000 wa kujitolea. Ndani ya siku chache walijiandikisha 750,000, uandikishaji ukasitishwa kwa muda, na wengi wakakaa wakisubiri kupewa kazi huku mtaani kwao wakiwapo watu wa kusaidia. Mlolongo wa simu hauhitaji kibali cha mtu. Mmoja anawapigia 3, kila mmoja wa hao anawapigia wengine 3: hapo watu 13, pamoja na aliyeanzisha, wamejuliana hali kwa muda mfupi, na hakuna aliyepiga zaidi ya simu 3.

Mlolongo hukatika mahali pamoja: asiyepokea. Wekeni sheria mapema. Jaribu mara 2, dakika 10 zikipita kati yake. Akiwa bado hapokei, mruke, wapigie waliokuwa zamu yake ili wasisahaulike, kisha mjulishe aliyeanzisha mlolongo. Kila mmoja awe na karatasi yenye majina na namba zote 13, kwa kuwa simu huzima. Wa mwisho kupigiwa katika kila tawi ampigie wa kwanza kuthibitisha kwamba habari imefika.

Kwa anayeishi peke yake, ongezeni ishara isiyohitaji simu kabisa: pazia la dirisha la mbele lifunguliwe kabla ya saa tatu asubuhi. Likibaki limefungwa, jirani anapiga simu. Asipopokelewa anabisha hodi na kuita kwa sauti akiwa amevaa barakoa. Bado kimya, anampigia ndugu ambaye namba yake ilichukuliwa siku ya kwanza, na ambaye ana ufunguo wa akiba au anajua ulipo.