Kisafina: maana yake katika habari za utoto wa Musa

Ukisoma Kutoka sura ya 2 katika Biblia ya Union Version, ile iliyozoeleka makanisani tangu 1952, utakutana na neno ambalo hulisikii sokoni wala barazani: kisafina. Farao ameshaamuru kila mtoto wa kiume wa Waebrania atupwe mtoni. Mwanamke wa ukoo wa Lawi amemficha mwanawe miezi mitatu, na sasa hafichiki tena. Anatwaa kisafina cha manyasi, anakiziba, anamlaza mtoto ndani na kukiweka kwenye majani kando ya mto.

Wengi tukisimulia tunasema "kikapu". Hata picha za Shule ya Jumapili huchora kikapu, tena chenye mkono, kama cha kwendea gengeni. Si dhambi, lakini kuna kitu kinapotea. Kisafina ni safina ndogo. Neno la Kiebrania lililo hapo, teva, ndilo lile lile la safina ya Nuhu, na katika Agano la Kale lote halitumiki kwa chombo kingine chochote. (Sanduku la agano lina neno lake, aron, na Kiswahili kimeyatenga vizuri.) Kile cha Nuhu kilikuwa na urefu wa dhiraa 300. Hiki kilimtosha mtoto mchanga. Lakini jina ni moja, na anayesikia "kisafina" anakumbushwa papo hapo kwamba kuna wakati mwingine maji yaliua watu na chombo kilichopakwa lami kikaokoa.

Kuhusu kupaka, nina kisa. Nilipokuwa nafundisha watoto, binti mmoja aliinua mkono kwenye maneno "akakipaka sifa na lami". Akauliza: "Mwalimu, sifa inapakwaje? Alikuwa anakisifia?" Wenzake wakacheka, nami sikuwa na jibu. Nililipata baadaye kwa mzee mmoja wa pwani aliyewahi kuunda majahazi. Sifa hii haihusiani na kusifu. Ni mafuta ya maini ya papa, yanayopakwa kwenye mbao za chombo ili maji yasiile. Harufu yake, alisema, hukaa kwenye nguo wiki nzima. Tangu siku hiyo sikuweza tena kukiona kile kisafina kama kitanda cha maua. Namwona mama amechuchumaa, vidole vimeshika lami hadi kwenye kucha, anapitisha mkono kwenye kila mwanya kati ya utete na utete, kwa sababu mwanya mmoja akiusahau, mtoto anazama.

Hapo ndipo dhana ya imani inapoingia. Waebrania 11:23 inasema kwamba kwa imani Musa alifichwa miezi mitatu na wazazi wake, wala hawakuiogopa amri ya mfalme. Imani inayosifiwa hapo ni ya wazazi. Mwenyewe bado ananyonya. Na tukirudi Kutoka, tunakuta jambo la ajabu: kuanzia mstari wa 1 hadi wa 22 wa sura ya 2, Mungu hatajwi kabisa. Hakuna malaika, hakuna ndoto, hakuna sauti. Qurani, katika Surat Al-Qasas, inaeleza kwamba mama yake Nabii Musa alipewa wahyi amtie mtoni asiogope, kwamba mwanawe atarudishwa kwake. Katika Kutoka hapewi ahadi hiyo. Ana manyasi, lami na mto.

Kiebrania huita imani emuna, neno lenye asili moja na "amina", na maana yake ya msingi ni kuwa imara, kutotikisika. Katika Kutoka 17:12, Musa akiwa mtu mzima juu ya kilima, neno hilo hilo linaeleza mikono yake iliyobaki imara mpaka jua likachwa. Kwa hiyo mtu akiniuliza imani ni nini katika habari hii, simwelekezi kwenye hisia ya moyoni. Namwelekeza kwenye ile mikono inayoziba mianya. Baada ya hapo kuna kuachia, maana kisafina hakina usukani, hakina kasia wala tanga. Cha Nuhu nacho hatuambiwi kilikuwa navyo. Mama alifanya kila lililokuwa kazi yake, na kuongoza chombo hakukuwamo.

Lakini kuachia huko hakukuwa kutelekeza. Hakukisukuma katikati ya mkondo. Alikiweka kwenye majani, na dada wa mtoto akasimama mbali kuangalia. Binti Farao anaposhuka kuoga na kufungua kisafina, mtoto analia, naye anamhurumia. Dada anajitokeza na swali moja la akili sana: nikuitie mlezi wa Kiebrania akunyonyeshee? Kabla jua halijazama, mama anamnyonyesha mwanawe mwenyewe, kwa mshahara, chini ya ulinzi wa nyumba ile ile iliyoamuru afe. Mimi huwa nacheka nikifika hapo. Farao alisema watoto watiwe mtoni, na huyu alitiwa mtoni kweli.

Musa mwenyewe alichelewa kulijifunza somo hilo. Kwa maneno ya Stefano katika Matendo 7, alipofika umri wa miaka 40 alidhani ndugu zake watatambua kwamba Mungu anawaokoa kwa mkono wake. Akatazama huku na huku, akampiga Mmisri, akamfukia mchangani. Kesho yake ikajulikana, akakimbilia Midiani, akachunga mifugo ya mkwewe miaka 40 mingine. Alitaka kushika usukani.

Liko neno jingine la kufuatia. Majani ambayo kisafina kiliwekwa kati yake huitwa suf kwa Kiebrania. Bahari ambayo Israeli walikuja kuivuka, tunayoiita Bahari ya Shamu, huitwa Yam Suf, yaani bahari ya matete. Musa amepita miaka 80, jeshi la Farao limezama, na ufukweni wanawake wanatoka kwa ngoma na kucheza. Anayewaongoza, tari mkononi, ni Miriamu, yule ambaye mapokeo humtambua kuwa ndiye dada aliyesimama mbali siku ile, akiangalia matete na kisafina.