Bahasha za Desemba: zuio la michango Texas

Juzi tena, harusini huku Dallas, kaka mmoja kanishika bega: "Unaona wenzetu? Bunge likikaa, mbunge hagusi hela ya mtu." Sijui ni mara ya ngapi. Kazi yangu ni kujaza taarifa za michango ya kampeni za wanasiasa wa Texas, kwa hiyo nivumilieni.

Wenzetu gani? Bunge la Washington halina zuio hilo la kupokea michango wakati wa vikao. Wabunge hawaruhusiwi kuchangisha ndani ya majengo ya serikali, basi wanavuka barabara kwenda ofisi za chama na kupiga simu huko. Majimbo ndiyo yenye mazuio, na si yote.

La Texas linaanza siku 30 kabla ya kikao cha kawaida, kinachofunguliwa Januari, linakwisha siku 20 baada ya kikao kufungwa. Linawabana wabunge, gavana na viongozi wengine wanaochaguliwa na jimbo zima. Mpinzani asiye na cheo kati ya hivyo anachangisha kama kawaida. Vikao maalumu, vile anavyoitisha gavana, havimo. Mwaka 2021 viliitishwa vitatu.

Sasa bahasha. Hundi iliyotumwa kwa posta kabla ya zuio kuanza haihesabiwi kuwa imepokelewa ndani ya zuio, hata ikifika wiki moja baadaye. Ushahidi ni mhuri wa posta. Kwa hiyo Desemba ole wake atakayetupa bahasha ofisini kwangu! Desemba 2020, kwa mfano, zuio lilianza tarehe 13. Naibana na hundi yake, nasogeza taa, nakodolea mhuri uliofifia: ni 12 au 13? Ikiwa 12, benki. Ikiwa 13, inarudi kwa mwenyewe. Mtoaji yuleyule, kiasi kilekile, muswada uleule anaoulilia.

Halafu Juni. Mwaka 2021 zuio lilikwisha tarehe 20, na hesabu za taarifa ya Julai zinafungwa tarehe 30. Katika siku hizo 10 Gavana Greg Abbott alikusanya zaidi ya dola milioni 18. Hela zilikuwa kwenye foleni tu, jamani.

Zamani niliona zuio ni geresha tupu. Siku hizi nasita. Kwa miezi sita wateja wangu hawanipigii usiku kuuliza nani kaleta ngapi, na anayeingia ofisini kwao kuutetea muswada hana hundi mfukoni. Kama hilo limewahi kugeuza kura hata moja, mimi na mihuri yangu hatuna namna ya kujua.