Vidonge vya homoni baada ya saratani ya matiti: ni mateso ya bure?

Wengi huamini kwamba mgonjwa akishapasuliwa na kumaliza dripu za kemo, vidonge vya kuzuia homoni kama tamoksifeni humwongezea maudhi tu. Si imani ya ajabu. Maudhi huonekana: unaamka usiku shuka limelowa jasho. Saratani isiyorudi haina dalili.

Kinachojulikana ni kwamba, kwa saratani yenye vipokezi vya estrojeni (yaani inayochochewa kukua na homoni hiyo ya kike), kumeza tamoksifeni miaka 5 hupunguza uwezekano wa ugonjwa kurudi kwa karibu nusu, na kinga hudumu miaka kadhaa baada ya kuacha. Damu kuganda na saratani ya mji wa mimba ni hatari za kweli, ila huwapata wachache, hasa waliokwisha koma hedhi.

Anza na majibu ya kipimo cha kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe wako: penye "ER", yaani vipokezi vya estrojeni, pameandikwa chanya au hasi? Kama ni hasi, vidonge hivi havisaidii. Kama ni chanya, muulize daktari swali ambalo wengi hulisahau: hiyo nusu, kwangu mimi, ni nusu ya ngapi? Aliye na hatari kubwa ya ugonjwa kurudi hupata faida kubwa zaidi.

Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au ukitokwa na damu ukeni usiyoitarajia, nenda hospitali siku hiyohiyo. Jasho likizidi, sema kabla ya kuacha. Mara nyingi kuna namna ya kulipunguza, au dawa nyingine.