Wendell Scott wa Danville: yasemwayo na yaliyokuwa

Tarehe 1 Desemba 1963, kwenye uwanja wa vumbi wa Speedway Park huko Jacksonville, Florida, Wendell Scott, dereva Mweusi wa mbio za magari kutoka Danville, Virginia, alimaliza mizunguko yake 200 akitegemea kuiona bendera ya miraba myeusi na myeupe, ile ya kumpokea mshindi. Haikupepea. Akaendelea kuzunguka. Ilipokuja kupepea, ilimpepea Buck Baker, dereva aliyekuwa nyuma yake kwa mizunguko miwili mizima.

Jina la Scott likitajwa, kisa hicho ndicho husimuliwa, na ni cha kweli. Ila kadiri kinavyosimuliwa ndivyo kinavyommeza mwenyewe. Anabaki kuwa yule aliyedhulumiwa kikombe, basi. Miaka 13 ya kukesha gerejini, mke aliyefunga chakula cha safari, wanawe waliofungua nati kabla hawajaota ndevu, vyote vinapotea. Naipenda sana familia hii, na ndiyo maana nataka kupitia yale ninayoyasikia mara kwa mara juu yao na kuyaweka sawa.

Kwanza tuelewane kuhusu mchezo wenyewe, maana sisi tuliozoea Safari Rally tukisikia mbio za magari tunawaza matope, twiga na dereva aliyekaa na msoma ramani. NASCAR ni kitu kingine. Magari yenye umbo la yale ya barabarani huzunguka uwanja wa umbo la yai, mamia ya mizunguko, yakisuguana ubavu kwa ubavu mbele ya watazamaji waliokaa jukwaani. Asili yake ni majimbo ya kusini mwa Marekani, na shirika lenyewe liliundwa mwaka 1948. Scott alipata leseni yake mwaka 1953, mwaka uleule ambao huku kwetu Safari ilikimbizwa kwa mara ya kwanza.

"Alikuwa Mtu Mweusi wa kwanza kukimbia NASCAR"

Hapana. Katika daraja la juu, Elias Bowie alishiriki shindano moja huko California mwaka 1955, na Charlie Scott, ambaye hana undugu na Wendell, alikimbia kwenye mchanga wa Daytona Beach mwaka 1956. Wendell aliingia daraja hilo Machi 1961, huko Spartanburg, South Carolina. Cha kwake peke yake ni kwamba alibaki. Wenzake walipita mara moja. Yeye alirudi wiki baada ya wiki hadi 1973, na ndiye Mtu Mweusi wa kwanza kushinda.

"Alikuwa msafirisha pombe haramu aliyeokotwa tu na mapromota"

Hapa kuna ukweli uliochanganywa na dharau. Kweli alisafirisha pombe. Pale Virginia miaka ile watu walipika wiski porini kwa siri wasilipe kodi, jambo ambalo mtu wa kwetu ataliita gongo bila kufikiri mara mbili, na waliihamisha usiku kwa magari yaliyotiwa nguvu ili polisi wasiwafikie. Scott alikamatwa mara moja, mwaka 1949, akapewa kifungo cha nje cha miaka 3. Kweli pia kwamba mwaka 1952 waandaaji wa mbio ndogo za eneo lile, wakitafuta kivutio cha kujaza viti, walikwenda polisi wa Danville kuuliza ni Mweusi gani anayejua kukimbiza gari. Polisi waliokuwa wamemfukuza bila kumpata ndio waliomtaja.

Ila mtu huyo hakuokotwa barabarani. Alizaliwa Danville tarehe 29 Agosti 1921, mwana wa fundi magari, na ufundi aliusoma mikononi mwa baba yake. Mji ule uliishi kwa viwanda vya pamba na tumbaku, na Scott aliapa tangu ujana kwamba hatakuwa chini ya msimamizi wa kiwanda. Utotoni, mtaani kwao, alikuwa mtoto Mweusi pekee mwenye baiskeli, akishindana nayo na watoto wa Kizungu. Aliacha shule, akaendesha teksi, akatumikia jeshi Ulaya wakati wa Vita Kuu ya Pili akishughulikia magari, akarudi akafungua gereji yake. Waliomwita kama kichekesho cha kuvutia watu walimpata fundi kamili. Katika shindano lake la kwanza, Mei 1952, alishika nafasi ya tatu na kuondoka na dola 50.

"NASCAR ilimfungulia mlango"

Mlango ulifunguliwa na mtu mmoja, na hakuwa mkubwa. Mwaka 1952 Scott alivuta gari lake hadi Winston-Salem kwenye shindano la NASCAR, wakamwambia Weusi hawaruhusiwi. Alikuja kusimulia kwamba alirudi nyumbani machozi yakimlengalenga. Siku chache baadaye akajaribu High Point. Huko walimwambia anaweza kumwachia kijana wa Kizungu aliendeshe gari lake. Akakataa katakata na kulivuta gari kurudi Danville.

Nikiwaza usiku wa safari ile, gari zima linavutwa nyuma, halina hitilafu yoyote, na mwenyewe anajua kwamba kasoro waliyoiona ni ngozi yake, naelewa kwa nini wengi waliacha.

Yeye alikwenda kukimbia mbio ndogo ambazo hazikumkataa, akashinda, akajulikana, na mwaka 1953 akaenda Richmond kumwomba leseni msimamizi wa muda aliyeitwa Mike Poston. Poston alimwonya kwamba atatukanwa na kusukumwa, na kwamba madereva Weusi hawajawahi kuwapo. Scott akasema yuko tayari. Poston akamwandikia leseni, na makao makuu hayakufurahi. Uwezo wake ulijieleza wenyewe: mwaka 1959 alikuwa bingwa wa Virginia katika daraja lake.

"Kule Jacksonville ilikuwa makosa ya hesabu tu"

Matokeo ya rasmi yanasema hivyo, na ni kweli kwamba mizunguko ilihesabiwa na watu kwa karatasi na kalamu, siyo mitambo, hivyo makosa yalitokea. Ila tuyatazame mambo kwa karibu kidogo.

Scott alikuwa na Chevrolet aliyoinunua kwa Ned Jarrett, dereva mwenzake Mzungu aliyemtendea wema. Njia ilikuwa imechimbika makorongo, magari yakaharibika moja baada ya jingine. Richard Petty aliyekuwa akiongoza akapata hitilafu, na ikiwa imebaki mizunguko 25 Scott akampita. Baada ya hapo hakuna aliyemkaribia. Gari moja likikuacha kwa mizunguko miwili, limekupita mbele ya macho yako mara mbili, na mbele ya macho ya kila mtu jukwaani.

Baker akapewa kikombe na picha. Scott akalalamika, karatasi zikakaguliwa, na saa kadhaa baadaye, watazamaji wameshaondoka na taa za sherehe zimezimwa, ikatangazwa kwamba mshindi ni yeye. Fedha alipata, dola 1,000. Kikombe hakuwapo nacho mtu. Tuukumbuke pia wakati wenyewe: Florida ya sheria za ubaguzi, siku 9 tu baada ya Rais Kennedy kuuawa, na desturi ya mshindi kupigwa busu na mrembo wa mashindano. Scott mwenyewe aliamini hadi kufa kwake kwamba kila mtu pale alijua nani ameshinda, na kwamba hawakutaka yeye asimame na mrembo Mzungu mbele ya umati. Mimi namwamini. Kosa la hesabu hurekebishwa siku hiyohiyo mbele ya watu, kikombe kinaenda kwa mwenyewe. Hili lilirekebishwa gizani, na kikombe kikapotelea huko. Familia ilikuja kupewa kitu cha mbao cha thamani ndogo, kisichofanana na kikombe cha siku ile.

(Ukikuta mahali pameandikwa 1963 na pengine 1964, usibishane na mtu. Mbio zilifanyika Desemba 1963 lakini zilihesabiwa katika msimu wa 1964, uliokuwa na mashindano 62.)

"Mashindano 495, ushindi mmoja: dereva wa kawaida tu"

Hii ndiyo inayoniuma kuliko zote, maana wanaoisema wana takwimu mkononi. Ni kweli, 495 na 1. Sasa soma takwimu nyingine: mara 20 alimaliza ndani ya tano bora, mara 147 ndani ya kumi bora. Mwaka 1966 alikuwa wa 6 katika msimamo wa pointi wa mwaka mzima, na kati ya 1966 na 1969 hakutoka katika kumi bora hata mwaka mmoja.

Na alifanya hivyo kwa gari gani? La mtumba. Madereva wakubwa walikuwa na viwanda nyuma yao, Ford, Chrysler na wengine, wakileta injini mpya na mafundi wa kulipwa. Scott hakuwahi kupata mdhamini wa namna hiyo. Alinunua gari ambalo mwingine ameshalichosha, akaleta spea zilizoachwa na wengine, akazifanya zifanye kazi. Injini ikipasuka, ilikuwa ni injini yake, siyo ya kampuni. Kwa hiyo alijifunza kuendesha bila kuiua: kumaliza, kuchukua pointi na fedha za nafasi, kurudi nyumbani na gari linaloweza kukimbia wiki ijayo. Haba na haba. Yeyote aliyewahi kuendesha daladala la tajiri na daladala lake mwenyewe anaijua tofauti ya mguu kwenye mafuta.

Kabla hajaingia daraja la juu, kwenye mbio ndogo ambako magari yalilingana, alishinda zaidi ya mara 100.

"Alipambana peke yake"

Hakuwahi kuwa peke yake siku hata moja. Alimwoa Mary mwaka 1943, na kazi ile ikawa ya nyumba nzima. Wanawe Wendell Mdogo na Frank walikuwa mafundi wake uwanjani tangu wakiwa vijana wadogo, pale ambapo timu nyingine zilikuwa na watu wazima wenye sare. Hebu fikiria gari linaingia kubadili matairi: upande ule kuna kikosi kamili kinachoruka kwa pamoja, upande huu kuna kaka na mdogo wake, na mara nyingine baba anateremka mwenyewe kwenye usukani, anafunga kilicholegea, anarudi kukaa, anaondoka. Mizunguko aliyoipoteza hivyo haiandikwi kwenye takwimu.

Mary alipika na kufunga chakula kwa sababu hoteli nyingi njiani zisingewahudumia. Wakati mwingine walilala kwenye gari. Watoto walisikia matusi jukwaani yakimwelekea baba yao, naye aliwafundisha kuangalia kazi. Aliwahi kuvumilia magari yakimgonga makusudi, akijua kwamba Mweusi akirudisha ngumi mbele ya umati ule, leseni yake ndiyo itakayokwenda. Ukisema "urithi wa familia" kwa watu hawa, unasema juu ya mikono iliyoshika spana ileile.

"Aliacha kwa kukata tamaa"

Aliachishwa na ajali. Mei 1973, huko Talladega, Alabama, alikuwa na Mercury aliyoinunua kwa mkopo, gari ambalo hatimaye lingempa nafasi ya kushindana kwa haki. Ikatokea ajali kubwa iliyokumba magari mengi kwa mpigo. Scott akavunjika nyonga na mbavu, na Mercury ikaisha. Mkopo ulibaki. Oktoba mwaka huohuo, akiwa na umri wa miaka 52, alirudi kukimbia Charlotte na kushika nafasi ya 12. Hilo ndilo lililokuwa la mwisho. Aliendelea na gereji yake Danville mpaka maradhi ya saratani yalipomchukua, tarehe 23 Desemba 1990.

"Bubba Wallace ndiye Mweusi wa kwanza kushinda"

Wallace, dereva Mweusi wa siku hizi, ni wa pili. Alishinda daraja la juu tarehe 4 Oktoba 2021, karibu miaka 58 baada ya Jacksonville, na uwanja wenyewe ulikuwa Talladega, uleule uliomvunja Scott.

Wiki tano kabla, tarehe 28 Agosti 2021, huko Daytona, familia ya Scott ilikabidhiwa rasmi na NASCAR kikombe kipya cha ushindi wa 1963. Kesho yake Wendell angetimiza miaka 100. Kuna wanaosema basi, deni limelipwa. Heshima zimekuja, sikatai: mwaka 2015 aliingizwa kwenye Jumba la Mashujaa la NASCAR, Mtu Mweusi wa kwanza humo, na Danville ina barabara yenye jina lake. Lakini hayo hayakujileta. Watoto wake walidai na kusimulia kwa miaka mingi, na mjukuu wake, Warrick Scott, anaongoza taasisi yenye jina la babu inayofanya kazi na vijana.

Miaka saba kabla ya kikombe, Oktoba 2014, Wallace alikimbia mbio za pikapu, daraja la chini la NASCAR, huko Martinsville, Virginia. Kwa heshima ya Scott, pikapu yake iliandikwa namba 34, namba ya mzee. Ikashinda. Kutoka uwanja ule hadi Danville ni kama kilomita 50.